UZI: Balbu 43 za fleshi kwa picha moja, au jinsi O. Winston Link alivyopiga picha za usiku za treni za mwisho za mvuke katika miji midogo ya Virginia

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Wiki iliyopita, katika uzi wa wapiga picha wa usiku, mdau mmoja aliweka ile picha maarufu ya sinema ya wazi ambayo watazamaji hukaa ndani ya magari yao. Magari yamejipanga kuelekea skrini, kwenye skrini kuna ndege ya kivita, na nyuma, juu ya reli, treni ya mvuke inapita ikiacha wingu jeupe katika anga jeusi. Wachangiaji kadhaa waliandika chini yake kwamba picha hiyo ni ya kuungwa, yaani ndege iliongezwa baadaye, kwa hiyo haina thamani, na mjadala ukafungwa hapo. Niliahidi kuirudia kwa kirefu kwa sababu picha hiyo ndiyo iliyonifanya niache kupiga picha za harusi peke yake, na kwa sababu naamini tuliihukumu kwa kosa ambalo si lake, huku kosa linalostahili kujadiliwa tukiliacha lipite.

Mpiga picha huyo ni Ogle Winston Link, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwezi Desemba 1914. Alisomea uhandisi wa ujenzi na kuhitimu mwaka 1937, lakini ajira iliyompokea ilikuwa ya kupiga picha katika kampuni ya uhusiano wa umma, ambako kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za matangazo ambazo magazeti yangezichapisha kama habari. Yaani tangu mwanzo alilipwa ili apange tukio, awapange watu, aweke taa, kisha mtazamaji aone jambo linaloonekana kutokea lenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifungua studio yake mwenyewe New York na kuendelea kuvihudumia viwanda na makampuni.

Januari 1955 alitumwa katika mji wa Staunton, Virginia, kupiga picha za viyoyozi vya kampuni ya Westinghouse. Jioni moja, kazi ikiwa imekwisha, aliendesha gari hadi Waynesboro, mji jirani uliokuwa na stesheni ya reli ya Norfolk and Western. Aliyoyaona pale yalimrudisha siku iliyofuata akiwa na vifaa vyake, na usiku wa tarehe 21 Januari 1955 akapiga picha yake ya kwanza ya usiku kwenye reli hiyo.

Norfolk and Western ilikuwa reli kubwa ya mwisho nchini Marekani iliyokuwa bado ikitegemea mvuke, na sababu yake ilikuwa makaa ya mawe. Ilichukua makaa kutoka mashimo ya West Virginia na kuyapeleka bandarini Norfolk, kwa hiyo mafuta ya injini zake yalikuwa ni mzigo uleule iliokuwa ikiusafirisha. Isitoshe, ilijitengenezea vichwa vyake vya treni katika karakana zake za Roanoke: vya daraja la J kwa treni za abiria, vya A kwa mizigo ya mwendo wa kasi, na vya Y6 kwa treni ndefu za makaa milimani. Hata hivyo, Mei 1955, miezi minne tu baada ya Link kufika Waynesboro, kampuni ilitangaza kuanza kununua vichwa vya dizeli. Tangu hapo hadi mwaka 1960 mvuke ulipokoma, Link alifunga safari takriban 20 kutoka New York kwa gharama zake mwenyewe, hakuna aliyempa tenda, na akarudi na negativu (filamu zilizopigwa picha) zipatazo 2,400. Kampuni ya reli ilimpa ruhusa na ushirikiano wa wafanyakazi wake, lakini fedha za balbu, nyaya, filamu na nyumba za kulala wageni zilitoka mfukoni mwake.

Mleta uzi (inaendelea)

Kwa nini usiku? Link alikuwa na jibu ambalo alilirudia mara nyingi maishani: jua huwezi kulihamisha, nalo daima liko mahali pasipofaa, reli nazo huwezi kuzihamisha, kilichobaki ni kuleta mwanga wako mwenyewe. Kila aliyewahi kusimama kando ya reli saa sita mchana analielewa jambo hili bila kuongezewa neno. Kichwa cha treni ya mvuke ni cheusi, anga nyuma yake ni jeupe, na ukitaka anga lionekane, chuma kinageuka doa jeusi lisilo na rivet (msumari wa kuunganishia mabati) hata moja. Ukitaka chuma kionekane, anga linaungua.

Usiku mambo yanageuka. Mvuke ukimulikwa huwa mweupe kama pamba dhidi ya giza, na usiku wa baridi ni bora zaidi kwa sababu mvuke unapoa haraka na kuwa wingu zito. Chuma cheusi kikipigwa na mwanga wa upande, si wa mbele, hutoa mng'ao katika kila kona, kila bomba na kila fito ya gurudumu. Kisha liko jambo la tatu ambalo naomba mlikumbuke, kwa maana nitalirudia: usiku, kitu usichokimulika hakipo. Nguzo za umeme, takataka, bango la duka, gari bovu lililoegeshwa, vyote vinamezwa na giza bila wewe kuvigusa. Mpiga picha wa mchana huchagua pembe ya kusimama, na baada ya hapo hupokea kila kilichomo. Wa usiku anaanza na ubao mtupu, na kila anachokiweka juu yake amekichagua.

Mdau wa Mwanza

Mleta uzi, ahsante kwa mwanzo mzuri. Swali langu ni la kiufundi. Kwa nini ahangaike na balbu nyingi namna hiyo? Mimi hupiga picha za usiku pale kivukoni kwa kuweka kamera kwenye tripodi na kuacha shata (kipazia kinachopitisha mwanga ndani ya kamera) wazi sekunde 20, na mwanga unatosha kabisa.

Mleta uzi

Mkuu, kivuko chako kimetia nanga, au kinakwenda polepole kiasi kwamba unaridhika na michirizi ya taa zake. Treni ya Link ilikuwa inakimbia. Tuchukue kasi ya kilomita 96 kwa saa: hiyo ni karibu mita 27 kwa sekunde. Ukifungua shata kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, treni imekwishasogea sentimita 27. Kwa hiyo alihitaji shata ya haraka, na alihitaji treni ije kwa mshazari kuelekea kamera, si ikatishe mbele yake, ili msogeo huo uonekane mdogo kwenye filamu. Ukiacha shata wazi sekunde 20 unapata mstari wa mwanga unaotokana na taa ya mbele, na treni yenyewe haimo.

Basi mwanga wote ulipaswa kuja ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na hapo ndipo tunakutana na ile kanuni inayotutesa sote. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Balbu inayotosha kitu kilicho mita 10 kutoka kwake, ukitaka imulike kitu cha mita 20 kwa kiasi kilekile, utahitaji balbu nne. Kwa mita 40 utahitaji 16. Sasa fikiria mandhari yenye gari mita chache kutoka kwenye kamera, nyumba katikati, na treni nyuma kabisa. Ukipiga balbu zote kutoka kwenye kamera, gari litaungua na treni haitaonekana. Njia pekee ni kuzitawanya: kundi dogo kwa gari, jingine kwa nyumba, kundi kubwa lililofichwa karibu na reli kwa ajili ya treni, na jingine kwa ajili ya mvuke. Yote yawake kwa wakati mmoja.

Balbu za wakati huo hazikuwa kama fleshi zetu za leo. Ilikuwa ni chupa ndogo ya kioo yenye nyuzi nyembamba za metali na oksijeni ndani; umeme ukipita, nyuzi zinaungua kwa mlipuko mmoja wa mwanga mkali, na balbu imekwisha, unaitupa. Haikufikia kilele chake papo hapo bali baada ya takriban milisekunde 20, kwa hiyo shata ilipaswa kungoja kidogo kabla ya kufunguka, na shata za kamera mbili au tatu zilipaswa kungoja sawasawa. Link, kwa kuwa alikuwa mhandisi, alijitengenezea mtambo wake wa betri na kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme) wa kuwasha balbu na kufungua shata kwa kidole kimoja. Balbu alizifunga kwa mfuatano katika saketi moja, mfano wa shanga kwenye uzi. Maana yake ni kwamba waya mmoja ukilegea, hakuna hata balbu moja itakayowaka. Wengine huona huo ni udhaifu, lakini mimi naona ni busara, kwa kuwa saketi iliyokatika unaigundua unapoipima kabla treni haijafika, wakati balbu zilizofungwa kila moja kivyake zingekupa picha iliyomulikwa nusu, nawe ungejua umekosea baada ya kurudi chumba cha giza cha kusafishia filamu, kilomita mia kadhaa kutoka pale.

Mwenye kupiga kwa kamera za sasa ni vigumu kuhisi uzito wa jambo hili. Kamera zake zilikuwa zile kubwa za kufunika kichwa kwa kitambaa, zinazobeba karatasi moja ya filamu ya inchi 4 kwa 5 kwa kila pigo. Taswira huiona juu chini kwenye kioo cha nyuma, na gizani huoni kitu, hivyo msaidizi husimama na tochi pale treni itakapofika ili upate pa kulenga. Siku nzima ya kazi, maelfu ya futi za waya, balbu kadhaa, msaidizi mmoja au wawili waliochoka, vyote kwa ajili ya pigo moja la treni inayopita kwa sekunde chache. Ukiwahi nusu sekunde, kichwa cha treni hakijafika kwenye mwanga. Ukichelewa nusu sekunde, kimekwishapita mita 13.

Mdau wa Dodoma

Ufundi nimeuelewa na ninauheshimu. Lakini bado hujajibu hoja iliyotufikisha hapa. Ile ndege kwenye skrini iliongezwa baadaye, ndiyo au hapana?

Mleta uzi

Ndiyo, ndugu yangu, iliongezwa.

Picha hiyo ilipigwa Iaeger, West Virginia, tarehe 2 Agosti 1956. Alitumia balbu 43. Gari lililo mbele, lenye vijana wawili waliokaa karibu, lilikuwa Buick ya Link mwenyewe, na vijana hao waliketi humo kwa kuwa aliwaomba. Balbu 43 zilipowaka kwa pamoja, mwanga wake uliifuta sinema iliyokuwa ikionyeshwa, na skrini ikatoka nyeupe tupu. Ni jambo lisiloepukika, kwani mwanga wa projekta ni hafifu mno mbele ya mlipuko wa namna hiyo. Kwa hiyo alikuwa na negativu nyingine ya skrini peke yake, na alipokuwa akisafisha picha katika chumba cha giza akaichapa ndege mahali pake.

Sasa naomba tufikiri pamoja. Watu waliokuwa wameketi pale usiku ule waliona sinema kwenye skrini, na waliona treni ikipita nyuma, kwa kuwa reli ilipita kweli pale, na treni zilipita kweli kila usiku wakati filamu ikiendelea. Kitu ambacho hakuna aliyekiona ni skrini nyeupe. Skrini nyeupe ililetwa na balbu. Kwa hiyo negativu ya kwanza, ile ambayo hakuna mkono ulioigusa, ndiyo iliyokuwa na uongo ndani yake, na kuiunga ya pili kuliirudisha picha karibu na kile kilichokuwapo. Sisemi kwamba kila kuunga kunajitetea hivyo. Nasema katika picha hii tulilaumu mahali ambapo mpiga picha alikuwa akirekebisha hitilafu aliyoileta yeye mwenyewe.

Ziangalieni nyingine. Lithia, Virginia, mwaka 1955: mama ameketi sebuleni kwake, mtoto yupo dirishani akiipungia mkono treni inayopita nje hatua chache kutoka ukutani. Kupata picha ile ilibidi chumba kimulikwe kutoka ndani na treni imulikwe kutoka nje, kwa vipimo vinavyolingana, la sivyo dirisha lingekuwa kioo cheusi kinachoakisi balbu. Je, imepangwa? Imepangwa mno. Lakini nyumba ni yao, dirisha ni lao, na treni ilipita pale siku zote za maisha ya mtoto yule. Luray, mwaka 1956: watoto wanaogelea kijitoni Hawksbill, na juu ya daraja treni inapita. Vesuvius, mwaka huohuo: kituo cha mafuta chenye pampu ya zamani ambayo haihitaji umeme kwa sababu mafuta hushuka kwa uzito wake yenyewe, gari linajazwa, na treni inapita nyuma. Northfork, West Virginia, mwaka 1958: treni inapita katikati ya mji, kando ya maduka, kana kwamba ni basi.

Kinachonigusa katika hizi zote ni kwamba treni mara nyingi haiko mbele. Wapenda treni wengi wa wakati ule walipiga vichwa vya treni tu, namba zionekane, magurudumu yahesabike, kama mtu anayepiga pasipoti. Link aliitanguliza sebule, kijito, pampu ya mafuta, kisha akaiacha treni ipite nyuma kama ilivyokuwa ikipita katika maisha ya watu wale, kitu kikubwa chenye kelele ambacho hakuna tena anayegeuka kukitazama isipokuwa mtoto.

Mwalimu wa historia, Tanga

Shikamooni kwa wakubwa, na kwa wadogo zangu hamjambo. Nimeusoma uzi huu wote kwa raha. Naomba niongeze jambo ambalo halihusu balbu. Mleta uzi amesema kwamba usiku, kitu usichokimulika hakipo. Virginia ya mwaka 1955 hadi 1960 ilikuwa jimbo la ubaguzi wa rangi kwa mujibu wa sheria. Ni miaka ileile ambayo serikali ya jimbo hilo ilipinga amri ya mahakama ya kuwachanganya watoto weusi na weupe madarasani, hata mwaka 1958 baadhi ya shule zikafungwa kuliko kuwapokea watoto weusi. Watu weusi walifanya kazi katika reli hiyo na katika mashimo yale ya makaa. Ninapozitazama picha hizi maarufu, sebule, mabwawa ya kuogelea, sinema, naona kwa sehemu kubwa watu weupe, na naona mji mdogo uliotulia usio na ugomvi wowote. Je, haya nayo yamemezwa na giza?

Mleta uzi

Marahaba, mwalimu. Umeligusa hasa lile kosa nililosema tuliliacha lipite.

Sitamtetea Link hapa kwa kusema hakuwa mwanahabari wala hakuja Virginia kuandika juu ya sheria. Ni kweli hakuja kwa hilo. Alikuja kwa sababu mvuke ulikuwa unakufa. Lakini mtu anayetumia siku nzima kuamua kila balbu itazame wapi hawezi kudai kwamba kilichobaki nje kilibaki kwa bahati. Mpiga picha wa mchana anaweza kujitetea hivyo. Wa usiku hawezi. Mji mdogo ule wenye amani, watoto majini, wapenzi katika gari, mzee kwenye baraza ya duka, ni mji uliomulikwa kwa mikono ya mtu aliyeupenda na aliyetaka uonekane hivyo. Kuna bwawa la kuogelea katika mji wa Welch, West Virginia, alilolipiga mwaka 1958, picha nzuri mno, na baada ya swali lako sitaweza tena kulitazama bila kujiuliza ni nani aliruhusiwa kuingia majini na nani alibaki nje ya uzio.

Ndiyo maana nakataa mjadala wa ndege. Ndege kwenye skrini haikumwondolea mtu yeyote chochote. Mahali pa kumhoji mpiga picha wa kupanga ni pale alipozielekeza taa zake na pale alipoziacha, na swali hilo linatuhusu na sisi. Tukienda kupiga picha ya stesheni ya zamani, tukamwondoa mama muuza mahindi kwa kuwa mwavuli wake una nembo ya kampuni ya simu, tukabaki na jengo la Wajerumani na mwezi, tumefanya jambo zito kuliko kuchapa ndege.

Na hata hivyo, mwalimu, naendelea kuzipenda. Nazipenda kwa sababu amewaweka watu wenye majina yao, katika nyumba zao, na aliwajua. Alirudi kwao mwaka hadi mwaka, aliwaeleza anachokitaka, akangoja nao treni gizani. Pia aliwarekodia sauti. Wengi hawajui kwamba pamoja na kamera alibeba mtambo wa kurekodi, na kwamba sauti za treni hizo alizitoa katika sahani za santuri. Katika mji wa Rural Retreat, mkesha wa Krismasi mwaka 1957, alirekodi kengele za kanisa zikipiga nyimbo za Noeli huku treni ya usiku ikiingia stesheni na kuondoka. Ukiisikiliza unafumba macho na picha zote unaziona.

Mdau wa Dodoma

Nimekuelewa, na neno langu la wiki iliyopita nalirudisha. Je, wewe mwenyewe umewahi kujaribu?

Mleta uzi

Nimejaribu mara mbili, katika stesheni moja ndogo ya reli ya kati ambayo sitaitaja. Mara ya kwanza nilikuwa na fleshi tatu za kuwashwa kwa redio, vijana wawili wa kunisaidia, na ruhusa ya maandishi. Niliweka fleshi moja kwenye jukwaa kummulika mama aliyekuwa amekaa na mizigo yake, moja nyuma ya tanki la maji, na ya tatu mbali kando ya mstari kwa ajili ya kichwa cha treni. Treni ilichelewa kwa muda wa saa nne. Umande ulishuka, betri ya fleshi ya mbali ikaishiwa nguvu, nami sikuipima tena kwa kuwa nilikuwa nimeipima jioni. Treni ilipoingia nilipata mama aliyemulikwa vizuri sana, tanki la maji, na giza kubwa lenye taa moja katikati. Yule mama alitazama kioo cha kamera akasema, "Mwanangu, treni yenyewe iko wapi?" Usiku ule ndipo nilipoielewa saketi ya mfuatano ya Link.

Jambo jingine nililojifunza ni kumhusu dereva, na hapa naomba kila mmoja asome kwa makini. Fleshi ikilipuka mbele ya macho ya dereva aliyezoea giza inaweza kumpofusha kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo treni imekwenda mbali. Link alifanya kazi kwa ruhusa ya kampuni, na wafanyakazi wa treni walijua kwamba yupo. Sisi tusiofahamika kwa dereva hatuna haki ya kumrushia mwanga. Mara ya pili nilipiga treni ikiwa imesimama, mkuu wa stesheni akiwa amezungumza na dereva kabla, taa zote zikiwa nyuma ya usawa wa chumba chake au upande, na hakuna hata moja iliyomtazama usoni. Vilevile tusisimame kati ya reli, tusipande nguzo za ishara, na tusilaze nyaya juu ya reli. Ruhusa iwe mkononi, kwa maana mtu mwenye tripodi gizani kando ya stesheni anatia shaka, na mlinzi akikuhoji anafanya kazi yake.

Mdau wa Voi

Mimi nimekulia Voi, na baba yangu alifanya kazi reli enzi za East African Railways. Nilipoona miaka hiyo, 1955 na 1956, nilishtuka kidogo, kwa sababu ndiyo miaka ambayo vile vichwa vikubwa vya daraja la 59, vyenye majina ya milima, vilikuwa vinashushwa Mombasa vikiwa vipya.

Mleta uzi

Ndivyo kabisa, ndugu yangu, na nashukuru umelileta jambo hilo wewe, mwenye haki nalo. Beyer Peacock wa Manchester walitengeneza 34, vikaanza kazi kati ya Mombasa na Nairobi, vikichoma mafuta mazito badala ya makaa. Wakati Link anakimbizana na mvuke unaokufa Virginia, mvuke mkubwa kuliko wote wa huku kwetu ulikuwa ndiyo kwanza unafika, na ulidumu kazini hadi karibu mwaka 1980. Stesheni za Voi, Mtito Andei na Makindu zilikuwa na kila kitu alichokitafuta Link: mji mdogo, watu wanaoijua treni kwa mlio wake, na giza la kutosha. Kama baba yako ana picha, hata zile ndogo za pasipoti akiwa na sare, naomba uziweke hapa.

Mdau wa Voi

Nitamuuliza akiamka. Swali la mwisho: pale jumba la makumbusho ya reli Nairobi vipo viwili vya daraja hilo, 5918 na 5930. Vimesimama tu. Nikipata kibali cha kuingia jioni, nina fleshi moja tu. Nifanyeje?

Mleta uzi

Kusimama kwake ndiyo nafuu yako. Link alihitaji balbu 43 kwa wakati mmoja kwa sababu treni ilikuwa inakimbia. Wewe unaweza kuiwasha fleshi moja mara 43, moja baada ya nyingine, na filamu au kihisi cha kamera kitazijumlisha.

Nenda giza likiwa limeingia kabisa, na uwaombe wazime taa za karibu wanazoweza kuzizima. Weka kamera kwenye tripodi nzito, kwa mshazari, chini kidogo, ili boila ije kwako. Lenga kwa tochi kwenye namba iliyo ubavuni, kisha zima ulengaji wa kujiendesha usije ukahama. Funga lenzi hadi f/8 au f/11 (tundu dogo la mwanga), ISO 100 (wepesi mdogo wa kupokea mwanga), shata ya muda usio na kikomo. Fungua shata, kisha tembea ukiwa umevaa nguo nyeusi, fleshi mkononi, na ulipue ukiwa pembeni, mita nne au tano kutoka kwenye chuma, ukisogea kila mara mita mbili, mwanga ukiteleza juu ya bati wala usiupige kwa mbele. Mwili wako uwe daima kati ya fleshi na kamera, la sivyo kila mlipuko utabaki kama nyota kwenye picha. Magurudumu yapige kutoka chini, karibu na ardhi, kwa maana hapo ndipo giza hujificha na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kabati ya dereva iwashe kutoka ndani kwa mlipuko mmoja dhaifu, fleshi ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya rangi ya chungwa, ionekane kana kwamba tanuru lina moto.

Piga mara ya kwanza milipuko kumi tu, utazame, ndipo uongeze. Na kama mzee anaweza kusafiri, mchukue. Mketishe kwenye ngazi ya kabati, mwombe atulie, na mlipuko wa kwanza kabisa uwe wake, na inayofuata isimguse, ili akichoka au akisogea baadaye asionekane maradufu.